Masalia ya Saiti na Soko la Mtandaoni: Kwa Nini Yadi Itangulie Programu

Pembezoni mwa Dar es Salaam, katika maeneo kama Goba, Kivule na Chanika, nyumba nyingi hujengwa kwa miaka. Mwenye kiwanja hununua nondo mshahara ukitoka, hufyatulisha tofali zamu yake ya upatu ikifika, na mabati huyasubirisha hadi kiinua mgongo. Vifaa hivyo hukaa kiwanjani au kwa jirani, vikiwa ndiyo akiba yake. Kisha maradhi au ada za shule hukatiza mpango, boma huota majani, na nondo zilizokusudiwa mkanda huanza kutu. Kwa hiyo anayezungumzia ziada ya vifaa vya ujenzi nchini Tanzania asiwaze mabaki ya mkandarasi aliyemaliza kazi tu. Akiba iliyokwama nayo ni ziada, na ndiyo inayosahauliwa na wanaobuni masoko ya mtandaoni.

Masoko hayo hayakosi matangazo. Magrupu ya WhatsApp na kurasa za Facebook zimejaa picha za marundo ya nondo, namba za simu na maneno “bei maelewano”. Kinachokosekana ni mtu wa kuthibitisha ubora na umiliki, pamoja na mahali pa kuuweka mzigo ukakaguliwa. Atakayejenga programu kwanza na kutafuta yadi baadaye atakuwa ameongeza ubao mwingine wa matangazo.

Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alionyesha, kwa mfano wa magari yaliyokwisha kutumika, kwamba mnunuzi asiyeweza kutofautisha kizima na kibovu hakubali kulipa bei ya kizima. Wenye vizima hujitoa, soko likabaki na vibovu. Masalia ya ujenzi yako hivyo hivyo, ila kila kifaa kina ubovu wake. Saruji hunyonya unyevu hata ikiwa ndani ya mfuko uliofungwa. Ikikaa miezi mitatu katika hewa ya pwani huwa imepoteza sehemu ya nguvu zake, na mkono unaobinya mfuko kutafuta madonge hugundua uharibifu ukiwa umeshafika mbali. Nondo ina afadhali. Kutu nyepesi ya juu haiizuii kushikana na zege. Ya kuogopwa ni ile inayobanduka magamba, kwa sababu imekula kipenyo. Tena nondo inapimika. Ya milimita 12 ina takriban gramu 888 kwa kila mita, hivyo nondo nzima ya mita 12 hukaribia kilo 10.7. Ikipungua sana hapo, ama imeliwa na kutu, ama iliuzwa ikiwa na kipenyo pungufu tangu dukani. Mizani hulisema jambo hilo kwa dakika moja. Picha ya simu hailisemi kamwe. Na nondo iliyokunjwa ili iingie kwenye gari, ikanyooshwa, kisha ikakunjwa tena pale pale, mnunuzi ana haki ya kuambiwa hivyo kabla hajaipeleka kwenye nguzo.

Suala la umiliki ni zito zaidi. Saiti ni mahali ambapo fundi, saidia fundi, mlinzi na dereva wote hushika mali isiyo yao, mara nyingi mwenyewe akiwa kazini mjini au ughaibuni. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania (Sura ya 214), kama ile ya Kenya (Sura ya 31), imejengwa juu ya kanuni kongwe kwamba asiye na haki juu ya mali hawezi, kwa kawaida, kumpa mwingine haki hiyo. Mnunuzi aliyelipa kwa nia njema anaweza kunyang’anywa mzigo akabaki akimtafuta muuzaji aliyezima simu. Soko lisilouliza mali imetoka wapi linaweza pia kuwaponza walio waaminifu. Januari 2022 Serikali ya Kenya ilisimamisha biashara ya chuma chakavu baada ya miundombinu ya umeme kuhujumiwa. Marufuku ile haikubagua. Mwenye leseni na mwizi wote walifungiwa.

Hatari nyingine imo ndani ya mahesabu. Kwenye nyumba za watu binafsi, anayeandika orodha ya vifaa kwa kawaida ni fundi mwenyewe. Akijua kwamba kinachobaki kitauzika kwa simu mchana huo huo, orodha itavimba, na soko lililokusudiwa kupunguza upotevu litakuwa limeuzalisha. Ndiyo maana napendekeza akaunti ya muuzaji iwe ya mwenye ujenzi, mzigo uje na risiti ya EFD au, kwa vifaa vya zamani, barua ya serikali ya mtaa, na fundi apate fungu lake waziwazi kwa kuvitunza na kuvipanga. Mafundi wanastahili fungu hilo. Wakinyimwa, watalitafuta gizani.

Uzito nao una amri yake. Tofali la inchi 6 lina karibu kilo 30; mia moja ni tani tatu, na kirikuu haiziwezi kwa safari moja. Tofali, mchanga na kokoto zisivuke kata, la sivyo nauli itameza nafuu yote. Taa, soketi, mabomba, vitasa na masinki vinaweza kuvuka jiji zima. Programu inayomwonyesha mtu wa Mbagala tofali zilizoko Bunju haijui inachouza.

Kuna jambo moja ambalo mtandao hulifanya kuliko soko lolote la barabarani, nalo ni kukutanisha vitu adimu. Vigae vya jina moja na muundo mmoja hutofautiana kivuli cha rangi, na pengine hata vipimo, kutoka toleo moja la kiwanda hadi jingine. Alama ya toleo huchapwa kwenye boksi. Boksi mbili zilizobaki Tabata hazimfai anayeanza sebule. Kwa aliyepasukiwa vigae vinne miaka mitatu baada ya kuhamia, na duka halina tena toleo lile, zinamwokoa asibomoe sakafu nzima. Hapo utafutaji kwa alama ya toleo una thamani halisi.

Mtandao unaweza pia kumlinda anayeuza kwa dhiki. Mjane anayeuza nondo za marehemu mumewe hukutana na dalali anayejua bei ya leo, naye hajui. Soko likichapisha bei ambazo vifaa viliuziwa kweli wiki hiyo, kwa eneo na kwa daraja la ubora, pengo hilo litapungua. Mimi ningeliweka hili mbele ya faida yoyote ya waanzilishi.

Watasema hadiwea zitapinga. Sioni sababu, zikishirikishwa. Duka la vifaa mtaani lina stoo na muuzaji anayefahamika, na mizani si gharama kubwa. Likilipwa kamisheni ya kukagua na kutunza, ndilo yadi yenyewe. Hata nje, mifano iliyodumu ina mikono na maghala: ReStore za Habitat for Humanity, zilizoanzia Winnipeg, Kanada, mwaka 1991, ni maduka yenye sakafu na rafu, na Rotor ya Brussels hubomoa, husafisha na kuorodhesha vifaa kabla ya kuviuza. Malipo yashikiliwe hadi mnunuzi akubali mzigo, lakini yashikiliwe na kampuni yenye leseni chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, si na waanzilishi wenyewe katika simu zao.

Mwenye nia aanze na kata moja, hadiwea moja iliyokubali kuwa yadi, na bidhaa tatu: vigae, nondo na mbao. Saruji aiache nje ya soko hili hadi atakapokuwa na njia ya kuipima.