Kabla Utoe Bei, Panda Fort Ternan

Kuna swali moja linatutesa sisi vijana wa programu: "Itanigharimu pesa ngapi?" Mimi niliwahi kulijibu kwa simu, kabla hata sijaona data za mteja. Nilitaja namba moja, akaikubali papo hapo, na mwishowe nikamalizia kazi kwa hela zangu. Sasa nikifikiria bei, nafikiria Fort Ternan.

Fort Ternan ni stesheni ya reli huko Kericho. Juu yake ni nchi ya chai, chini ni miwa ya Muhoroni. Reli inashuka hapo kutoka Mau Summit, zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari, hadi Kisumu, kama mita 1,130. Mabonde kila mahali.

Mwaka 1891 na 1892, Waingereza walimtuma Kapteni Macdonald apime njia kutoka Mombasa hadi ziwani. Makadirio yakatoka: pauni milioni 2.24. Mwaka 1896 Bunge la London likapitisha milioni 3. Mwaka 1900 serikali ikarudi bungeni kuomba nyongeza. Hesabu ya mwisho? Kama milioni 5.5. Yaani karibu mara mbili na nusu ya ile bei ya kwanza.

Kwani Macdonald alikuwa mjinga? Hapana. Alipima haraka, nchi kubwa, na mengi yalijulikana tu baada ya kazi kuanza. Hata mwisho wa reli ulibadilika: ulipangwa uwe Port Victoria, Busia ya leo, halafu upimaji mpya ukaonyesha kwamba kupitia bonde la Nyando hadi Kisumu ni karibu zaidi. Na kule Mau yakahitajika madaraja marefu 27 ya chuma, wakapewa kampuni ya Marekani kwa sababu ilikuwa na bei nafuu na kasi.

Lakini kuna kitu walifanya vizuri. Pale Kijabe walishusha mabehewa kwa kamba za chuma, na kule Mau wakaweka njia za muda, ili kazi ya mbele isisimame. Reli ikafika Kisumu Desemba 1901, madaraja mengine bado yanajengwa. Kitu kifanye kazi kwanza, halafu kiboreshwe.

Miaka 100 baadaye, Februari 2001, watu 17 walikutana Utah, Marekani, wakaandika tamko la ajaili. Timu za ajaili hukata kazi vipande vidogo, hulinganisha uzito wa kila kipande, kisha baada ya wiki mbili huhesabu vilivyoisha kweli. Hesabu hiyo ndiyo inarekebisha makadirio ya mbele. Bei inakuwa kitu cha kupimwa upya kila wakati, si kiapo.

Sasa wengine wetu tumegeuza ajaili kuwa kisingizio: "Sisi hatutoi bei, tutaona mbele." Hapo sikubaliani. Kuna mtu hulipia kosa la makadirio, na mara nyingi si yule aliyeyatoa. Kwenye reli ile waliletwa wafanyakazi 31,983 kutoka India, na 2,493 wakafa. Wanandi, ambao reli ilifika mlangoni kwao, walipigana hadi Koitalel arap Samoei akauawa Oktoba 1905. Hizo gharama hazikuwa kwenye karatasi ya Macdonald. Kwenye timu zetu hatufi, lakini yule dogo anayekesha ofisini bila malipo kwa sababu bosi alitaja tarehe asiyoijua, huyo ndiye analipa.

Kwa hivyo mimi siku hizi natoa bei mbili, ya chini na ya juu, na namwambia mteja kwa nini zimeachana. Kisha natoza kipande cha kwanza peke yake. Kikiisha, tunakaa tena na hesabu mpya mezani. Wateja wengine hukasirika, wanaondoka. Sawa tu. Afadhali wakasirike tukiwa bado Mombasa kuliko tukiwa tumeshafika Mau.