Mbwa Wazee wa Aina Ndogo: Malezi ya Muda na Makao Mapya

Malezi ya mbwa wazee wa aina ndogo ni kazi ya hiari ambayo kwayo mbwa wa umbo dogo, aliyekwisha kuingia katika ukongwe na kupotewa na mwenyewe kwa mauti, kwa ufukara au kwa kutupwa, hutolewa katika nyumba ya kuhifadhia wanyama akakaa kwa muda nyumbani kwa mtu, akatibiwa, akatulizwa na kuchunguzwa tabia zake, mpaka apatikane wa kumchukua moja kwa moja. Na asipopatikana, au maradhi yake yakiwa yamekwisha kuwashinda matabibu, hubaki papo hapo kwa mlezi wake hadi siku zake zitimie. Kazi hii imestawi hasa Marekani na Uingereza, ambako mbwa wa jinsi hii hawalindi boma wala hawaendi mawindoni, bali huishi chumbani na watu, wakala kwa saa maalumu na kulala miguuni pa mwenyewe kwa miaka kumi na zaidi, hata siku mlango ukifungwa nyuma yao hawajui kuishi kwingine kokote. Msomaji wa pwani yetu, aliyefunzwa katika madhehebu ya Shafi kwamba mate ya mbwa ni najisi, huenda akastaajabu kusikia mbwa analala ndani. Lakini kumhurumia mbwa si jambo geni kwake, maana hadithi ya yule msafiri aliyeshuka kisimani akamtekea maji kwa kiatu mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, akasamehewa dhambi zake, husomwa katika darsa za misikiti tangu zamani.

Jambo la kwanza la kufahamu ni hesabu ya umri, kwani ndiyo inayowaponza mbwa hawa. Tukilinganisha wanyama wa jinsi mbalimbali, aghalabu walio wakubwa ndio waishio zaidi, kama tembo mbele ya panya. Lakini ndani ya jinsi ya mbwa mambo hupinduka. Great Dane, ambaye mgongo wake humfika mtu kiunoni, huishi baina ya miaka 7 na 10, ilhali Chihuahua wa nasaba safi, asiyefika kilo 3, huishi miaka 14 hata 16, na Dachshund 12 hata 16. Mwaka 2007 wataalamu wa elimu ya urithi walitangaza kwamba udogo wa mbwa hawa una asili kubwa katika jeni moja iitwayo IGF1, inayohusika na homoni ya kukua. Chama cha hospitali za wanyama cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, humhesabu mbwa kuwa mzee aingiapo katika robo ya mwisho ya umri unaotazamiwa kwa aina yake, na kwa kanuni hiyo Chihuahua hazeeki mpaka afikie miaka 11 hivi. Walakini mazoea ya watu, na ya mashirika mengi pia, ni kuweka mpaka kwenye miaka 7 kwa mbwa wote sawasawa. Kwa hiyo mbwa mdogo wa miaka 8, ambaye yamkini ana karibu nusu ya maisha yake mbele, huandikiwa uzee kwenye kibao cha tundu lake, na wageni waliokuja kutafuta mbwa wakakisoma kibao wakapita bila kumtazama. Hiyo ni dhuluma, na ni rahisi kuiondoa kwa kuandika kwa usahihi miaka aliyo nayo na miaka anayoweza kutazamiwa.

Sababu za mbwa hawa kupoteza makao hazifichiki. Wenyewe wengi ni wazee kama wao: bibi anafariki, au anahamishiwa nyumba ya kutunzia wakongwe isiyopokea wanyama, na warithi wake wanagawana vyombo lakini hapana anayemtaka mbwa. Wengine huletwa kwa sababu mwenye nyumba ya kupanga amekataza mbwa, au gharama za daktari zimepanda, au mtoto amezaliwa na mbwa ameanza kuwa mkali. Tena kuna ada ya watu kufuata mtindo. Mnamo mwisho wa muongo wa kwanza wa karne hii California ilifurika Chihuahua, kwani waliokuwa wakionekana mikobani mwa wachezaji wa sinema walitamaniwa na kila mtu, na filamu ya Beverly Hills Chihuahua ilitoka mwaka 2008. Haukupita muda, nyumba za kuhifadhia wanyama za jimbo lile zikawa zinawasafirisha kwa ndege kwenda majimbo ya mashariki, ambako mbwa wadogo walikuwa adimu. Waliosalia miongoni mwa watoto wa mbwa wa wakati ule ndio waliokuja kuwa vikongwe wa siku hizi.

Kundi lingine ni majike waliotumiwa kuzaa tu. Aliyejulikana zaidi ni Lucy, jike la aina ya Cavalier King Charles Spaniel, aliyetolewa mwaka 2013 katika shamba la kuzalisha mbwa huko Wales akiwa na nyonga zilizogandana na uti wa mgongo uliopinda kwa sababu ya kuishi ndani ya tundu lisilomwenea. Alipata mtu wa kumlea, akaishi kwake mpaka mwaka 2016, na sheria iliyoitwa kwa jina lake ilianza kazi England mwezi wa Aprili 2020, ikiwakataza wachuuzi kuuza watoto wa mbwa na wa paka wasiotimiza miezi 6 ambao hawakuwazalisha wenyewe. Mbwa waliotoka katika matundu kama yale, hata wakiwa na miaka 6 au 7, hawajapata kukanyaga majani, wala kupanda ngazi, wala kuitwa kwa jina. Mlezi wao huwafunza ukubwani mambo ambayo wenzao hujifunza udogoni.

Nyumba za kuhifadhia mbwa zenyewe ni za zamani. Mary Tealby alifungua ya kwake Holloway, London, mwaka 1860, ikahamia Battersea mwaka 1871, na ndiyo inayojulikana kwa jina hilo hata leo. Huko Philadelphia, Caroline Earle White na wanawake wenziwe walianzisha ya kwao mwaka 1869. Zimeokoa mbwa wasiohesabika, na hakuna haki ya kuzibeza. Lakini nyumba ya namna hiyo, iwe safi namna gani, imejaa mwangwi, sakafu yake ni ya saruji, na majibwa hubweka usiku na mchana. Na mbwa wa kilo 4 aliyekuwa akilala kitandani, akiwekwa humo, hufanya moja katika mawili, ama hujibanza pembeni akitetemeka na kususa chakula, ama hufunua meno kwa kila mkono unaoingia. Mtazamaji humhukumu kuwa ni mgonjwa au mkali, naye si mgonjwa wala si mkali, bali amejawa na hofu. Hapo ndipo penye siri ya malezi ya muda: kumpa mbwa raha ni sehemu tu ya faida yake, na sehemu iliyo kubwa zaidi ni kwamba nyumbani mwa mtu ndimo tabia yake ya kweli hudhihiri, ikajulikana kama anapatana na paka, kama anaweza kuachwa peke yake, kama anaamka usiku, na kama yule aliyekuwa aking'ata ndiye yule yule anayeomba kupakatwa kila jioni. Bila ujuzi huo, kumtafutia makao mapya ni kubahatisha.

Jumuiya zilizoielewa siri hii zimejengwa juu yake. Muttville ya San Francisco, iliyoanzishwa na Sherri Franklin mwaka 2007 nyumbani kwake mwenyewe, huwapokea mbwa waliotimiza miaka 7, huwaweka pamoja bila matundu, huwatoa kwa walezi, na imekwisha kuwapatia makao mbwa zaidi ya 10,000. Old Dog Haven ya jimbo la Washington hutegemea nyumba za walezi, na kadhalika Oldies Club ya Uingereza, ambayo kwa mbwa asiyetazamiwa kuchukuliwa humlipia daktari siku zote anazokaa kwa mlezi.

Mbwa akishafika, waokoaji husema siku 3, wiki 3, miezi 3: siku za mwanzo ni za hofu, wiki zinazofuata ni za kuzoea desturi za nyumba, na miezi mitatu ndiyo ya kuamini. Si kanuni ya tibabu, ila humzuia mlezi asihukumu mapema. Daktari wa mifugo naye humpima damu na mkojo, akasikiliza moyo, kisha akamfunua kinywa, na kinywani ndipo penye msiba mkubwa wa mbwa wadogo, kwani meno yao yamesongamana katika taya finyu, ukoga ukakusanyika, fizi zikaoza na mfupa ukaliwa. Wengi huletwa wakiwa wamedhaniwa wavivu wa kula au wenye hasira, kumbe wana maumivu ya miaka. Wakitiwa nusukaputi na kung'olewa meno kumi, kumi na tano, pengine yote, baada ya siku chache huwa mbwa wengine, wakila chakula laini kwa furaha na ulimi ukining'inia upande kwa kukosa jino la kuuzuia. Moyo ni wa pili. Vali iliyo baina ya vyumba viwili vya kushoto hunenepa na kuvuja, maradhi ambayo Cavalier huyapata mapema kuliko wengine. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba dawa ya pimobendan, ikianza kutolewa wakati moyo umekwisha kupanuka lakini kabla haujashindwa kazi, huahirisha kushindwa huko kwa miezi 15 hivi, muda ambao kwa mbwa wa miaka 12 si haba hata kidogo.

Maradhi mengine humfunza mlezi namna ya kuipanga nyumba. Gegedu za koo la pumzi la Yorkshire Terrier na Pomeranian hulegea, nao hukohoa kama bata. Basi kamba haifungwi shingoni bali kwenye mikanda ya kifuani. Kilegesambwa huteleza kutoka mahali pake, na pingili za mgongo mrefu wa Dachshund huathirika kwa kuruka, kwa hiyo kitanda huwekewa ngazi ndogo na sakafu ya kuteleza hutandikwa mikeka. Mwenye mtoto wa jicho hukariri nyumba kwa pua na nyayo, na anayehamisha kiti bila sababu humpofusha mara ya pili. Kiziwi huendewa kwa mbele, asiguswe usingizini kwa ghafla. Wako pia wanaopotewa na akili, wakasimama nyuma ya mlango wakitazama ukuta, wakatangatanga tangu magharibi hadi usiku wa manane. Kwa hali hiyo Marekani iliruhusu dawa ya selegiline mwaka 1998, nayo huwasaidia baadhi yao, ingawa taa ndogo ya usiku na saa za kula zisizobadilika husaidia pia. Wala mbwa mdogo asiachwe peke yake uani, hususa California, ambako koyote, mnyama wa mwitu wa jamii ya mbwa, huingia hata mijini na kumnyakua.

Baadaye huja kazi ya kumtafutia mwenyewe, nayo ni kazi ya amana. Mlezi huandika sifa zake na kasoro zake pia: kwamba anakojoa ndani mvua inyeshapo, kwamba anameza vidonge viwili kila asubuhi, kwamba hapendi watoto. Wanaoficha kasoro kwa kumwonea mbwa huruma humdhulumu, kwa kuwa atarudishwa, na kila kurudishwa humkata tamaa zaidi. Wawili waliozeeka pamoja hutolewa pamoja, hata kama kungoja kutarefuka, hasa mmoja akiwa kipofu na mwenziwe ndiye kiongozi wake. Muttville ina mpango wa kuwaunganisha watu wazee na mbwa wazee kwa kuwapunguzia ada, na ni mpango wa hekima, maana mstaafu ana muda na utulivu ambao familia changa haina. Sharti lake ni kuulizana waziwazi nani atamchukua mbwa ikiwa bwana wake atatangulia, na mikataba mingi ya waokoaji husema kwamba mbwa asiyeweza kukaa tena alikopelekwa arudi kwao, asipelekwe kwingine.

Kuna walezi ambao, siku ya kumkabidhi mbwa ikifika, hushindwa na kumchukua wenyewe. Hawalaumiwi, ingawa nyumba ikijaa hivyo nafasi ya mbwa anayefuata hupungua, na shirika hulazimika kutafuta mlezi mwingine. Wengine huchagua kwa kusudi wale wasiopona, wakijua tangu siku ya kwanza kwamba mwisho utakuwa mikononi mwao. Muttville huwalipia dawa na daktari, wao hutoa malazi na uangalizi, na huandika kila siku kama mbwa amekula, amelala bila maumivu, ameamka kupokea watu mlangoni. Daftari hilo ndilo humwongoza daktari kuamua wakati wa sindano ya mwisho. Fedha za kazi yote hii hutoka kwa michango ya watu na kwa mifuko kama The Grey Muzzle Organization, iliyoanza mwaka 2008 na kutoa ruzuku kwa jumuiya za mbwa wazee kote Marekani, kwa mambo kama matibabu ya meno, uchunguzi wa afya na gharama za mbwa waliomo mikononi mwa walezi.