Jotoardhi Ngozi: Joto lipo, lakini liko mita ngapi chini?

Ziwa Ngozi, mkoani Mbeya, limekaa ndani ya shimo la volkano. Hapo Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania (TGDC) inatafuta maji moto ya kuzalisha umeme. Swali gumu: hifadhi hiyo inaanzia mita ngapi, na ina unene gani?

Wanapimaje kabla ya kuchimba?
Vifaa hupima jinsi umeme unavyopita ardhini. Mfinyanzi uliotokana na miamba kubadilishwa na maji moto hupitisha umeme kirahisi, na mara nyingi ndio "kifuniko" cha hifadhi.

Mbona jibu si moja?
Kifuniko chembamba kinachopitisha umeme sana huweza kutoa vipimo karibu sawa na kinene kinachopitisha kidogo. Kwa hiyo kompyuta huchora mamia ya picha zinazokubaliana na vipimo. Zikifanana, wataalamu hupata uhakika. Zikipishana sana, hapo bado ni kubahatisha.

Na tofauti si ndogo. Unene ukiwa mita 500 badala ya 1,000, eneo likiwa lile lile, ujazo wa hifadhi ni nusu tu.

Inatuhusu nini?
Kisima kirefu kimoja hugharimu mabilioni ya shilingi. Ndiyo maana huanza visima vyembamba vya majaribio: kila mita inayochimbwa hufuta picha zisizo sahihi.

Mvua zikigoma, bwawa la Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma, hupungua maji na umeme huyumba. Mvuke wa ardhini hausubiri masika.