Cha juu cha Uzigua

Katika udalali wa mashamba huku kwetu Korogwe na Handeni, cha juu si siri. Mwenye shamba anataka milioni tatu, mimi namtajia mnunuzi tatu na nusu, na hiyo nusu ndiyo ugali wangu. Muuzaji anajua. Siku ya kuandikishana tunakaa wote ofisi ya kijiji: muuzaji na mkewe, watoto wakubwa, majirani wa mipaka yote, mtendaji na muhuri wake. Jirani mmoja akigoma kusaini kwa kuwa mkonge wa mpakani umesogezwa, biashara imelala hapo hapo, hata kama pesa ziko mezani zimeshahesabiwa.

Kwa hiyo habari za Carl Peters nazisoma kidalali. Novemba 1884 alivuka kutoka Unguja hadi Saadani na Wajerumani wenzake watatu, wakapanda na bonde la Wami. Konseli wa Ujerumani pale Unguja alikwisha kumwambia kuwa serikali haitamlinda. Katikati ya Desemba alikuwa amerudi pwani na mikataba kama kumi na miwili, imeandikwa kwa Kijerumani, chini yake alama za watu waliopewa nguo na vinywaji. Shuleni tulifundishwa ule wa Mangungo wa Msovero, kule Usagara, tukaishia hapo. Lakini nchi alizojitwalia zilikuwa nne: Usagara, Nguru, Ukami na Uzigua, yaani huku kwetu. Handeni hakufika. Korogwe hakufika. Aliandika jina la nchi, akaondoka na jina.

Nani alimuuzia Uzigua? Wazigua hawakuwa na mfalme mmoja. Kila kijiji kilikuwa na wakubwa wake, na mtu mwenye nguvu leo kesho alipitwa na mwingine. Hapakuwa na mtu wa kuiuza yote, kama ambavyo leo mwenyekiti wa kitongoji hawezi kuuza wilaya.

Hata hivyo, kununua kwa asiye na mali ni mchezo wa zamani, matapeli wa mjini wanaujua. Linalonishika mimi ni la baadaye. Peters alisaini kama mjumbe wa chama cha ukoloni kilichoanzishwa Berlin mwezi Machi 1884, na safari ililipiwa kwa pesa za watu walionunua hisa. Tarehe 27 Februari 1885 Kaiser akatoa hati ya ulinzi. Mwaka huo huo haki zile zikahamia kwenye Kampuni ya Afrika Mashariki, iliyobeba jina lake yeye Peters na wenzake, na yeye akaiongoza. Aliyetumwa kutafuta shamba ndiye akawa mwenye shamba. Kwetu tungesema dalali kajiuzia. Na hiyo ni mbaya kuliko cha juu cha kiasi chochote, maana cha juu kinakatwa mbele ya watu.

Sultani Barghash wa Unguja alipinga. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake, akakubali. Waliokuwa hawajakubali walijitokeza miaka mitatu baadaye, kampuni ilipopandisha bendera yake kwenye miji ya pwani. Abushiri, mmoja wa viongozi wao, alinyongwa Pangani Desemba 1889. Bwana Heri wa Saadani, kiongozi wa Wazigua ambaye hata Sultani hakumhesabu kuwa bwana wake, alipigana mpaka 1890.

Kilichopandisha bei ya ardhi huku ni reli. Kampuni ya reli ya Usambara ilianzishwa 1891 na hao hao wa Kampuni ya Afrika Mashariki, ambao walikuwa na mashamba yao kwenye eneo la reli hiyo. Mwenye reli na mwenye shamba wakala sahani moja. Kazi ilianza Tanga 1893, ikafika Muheza 1896, pesa zikakata. Serikali ikaichukua 1899, na mwaka 1902 filimbi ikalia Korogwe.

Reli ikiwa bado njiani, ilitoka amri ya tarehe 26 Novemba 1895: ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Isiyo na mwenyewe kwa macho ya nani? Mzigua alilima, akaliacha shamba lipumzike, akahamia kipande cha pili. Mgeni akipita mwaka huo anaona pori. Mwenyewe anaona shamba la baba yake lililolala. Mkonge ulipoingia ulikuta mapori ya namna hiyo mengi yameshakuwa na hati.

Mpwa wangu wa Manundu hanunui ardhi. Ananunua majina ya tovuti, haya ya .co.tz, anayakalia mpaka atokee anayeyahitaji. Nilimcheka mpaka aliponisimulia habari za SnapNames, kampuni ya Marekani inayonadi majina hayo. Mwaka 2009 ilitangaza kwamba mkubwa mmoja wa hapo hapo alikuwa akishindana na wateja katika minada yake tangu 2005, kwa jina la bandia, na bei zikapanda. Ikaahidi kuwarudishia waliozidishiwa, pamoja na riba. Mnadani kwa wauza ng'ombe wa Handeni mtu kama huyo angetolewa kwa fimbo.

“Mjomba, mimi sina mnada,” akanijibu. “Mimi nawahi tu. Aliyechelewa kachelewa.”

Kuwahi sina ugomvi nako, hata mimi nimewahi viwanja Segera kabla ya wenzangu. Lakini jina la tovuti halina jirani wa mpakani wa kuitwa aje kusaini. Nikamuuliza kama katika majina yake lipo ambalo ni la mtu tayari. Akacheka. Analo moja, la nyumba ya wageni ya mzee fulani barabara ya Handeni, na namba yake ya simu ameiacha pale makusudi mzee aione.