Dhahabu ya Sekenke na wahandisi wa viwanda wa kesho

Mwaka 2023 masomo ya uhandisi yalitimiza miaka 50 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni umri wa kujivunia, ingawa kwa mtu wa Kinampanda, juu ya nyanda za Iramba mkoani Singida, historia hiyo inaanzia mbali zaidi. Kazi inayosomewa leo kwa jina la uhandisi wa viwanda, yaani kupanga watu, mashine, malighafi na muda ili bidhaa zitoke nyingi, zenye ubora uleule na kwa gharama nafuu, ilifanywa kwa dhahabu ya wilaya hii zaidi ya karne moja iliyopita.

Mgodi wa Sekenke ulianza kuchimbwa na Wajerumani mwaka 1909. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipozuka, manowari za Waingereza zikaziba pwani na koloni la Wajerumani likaishiwa sarafu. Noti za dharura zilichapwa humohumo kolonini, lakini nani alitaka karatasi wakati wa vita? Mwaka 1916 dhahabu ya Sekenke ikapelekwa Tabora, ambako karakana ya reli iligeuzwa kiwanda cha sarafu.

Mafundi wa reli walijua mabehewa na injini, si fedha. Hata hivyo kila sarafu ya rupia 15 ilipaswa kuwa na uzito wa gramu 7.168, robo tatu yake dhahabu. Wakusanyaji wa sarafu husimulia kwamba muhuri ulichongwa na sonara Msinhala: upande mmoja tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, upande wa pili tai wa Ujerumani. Zilitoka sarafu 16,198. Ukipiga hesabu, hizo ni karibu kilo 87 za dhahabu halisi. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaiteka Tabora.

Leo sarafu hizo hugombewa na wakusanyaji wa Ulaya, na Sekenke yenyewe madereva wanaijua kwa mteremko wake. Watoto wetu wanastahili kusimuliwa zaidi ya hapo.

Elimu rasmi ya uhandisi ilifuata baadaye. Chuo cha Ufundi cha Nairobi kilifunguliwa mwaka 1956. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipoundwa mwaka 1963, Makerere ilishika udaktari, Dar es Salaam sheria, na uhandisi ukabaki Nairobi. Muungano huo wa vyuo ulivunjika mwaka 1970. Mwaka 1973 Dar es Salaam ikapata kitivo chake cha uhandisi kwa msaada wa Wajerumani, na mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya kuunda SIDO, shirika la viwanda vidogo. Baadaye shahada ya uhandisi wa viwanda nayo ikaingia.

Anayehitimu fani hii hafungwi na kiwanda cha aina moja. Saruji, bia, nguo, sukari, maghala, bandari, hata hospitali zenye foleni ndefu, kote anahitajika mtu wa kupanga uzalishaji, kudhibiti ubora, kusimamia matengenezo na ununuzi. Mlango wake ni fizikia na hisabati kidato cha sita. Akihitimu, hujisajili kwenye Bodi ya Usajili wa Wahandisi.

Kazi yake ipo Singida pia. Alizeti inakamuliwa kwa mashine ndogo zinazoacha mafuta mengi kwenye mashudu. Msimu ukifika mbegu hurundikana. Msimu ukipita mashine hulala. Hayo ndiyo maswali ya mhandisi wa viwanda.

Wanafunzi wa uhandisi hutakiwa kwenda mafunzo kwa vitendo, na wengi hukimbilia Dar es Salaam. Wenye mashine za alizeti wa Iramba wawaandikie vyuo, waombe wanafunzi wawili watatu kila mwaka. Gharama yake ni chumba na chakula. Faida itaonekana kwenye madebe ya mafuta.