Picha Ambayo Mama Alikataa: Tulivyotafuta Mfano wa Kazi Yetu Hapa Kanombe

Safari hii zamu ya kuandika ni yetu, sisi saba wa Kanombe tunaojifunza kupiga picha. Mwalimu alitupa kazi: kabla hamjabonyeza chochote, tafuteni mpiga picha wa zamani wa kuwaongoza, mtueleze kwa nini yeye. Tulidhani ni ya siku mbili. Ilikula wiki tano.

Tulianza na Sebastião Salgado, maana ukitafuta picha za wakimbizi wa huku kwetu, yeye ndiye anatokea kwanza. Mbrazili huyu alifika Rwanda mara ya kwanza mwaka 1971 kama mchumi wa mambo ya kahawa. Mwaka 1994 akarudi na kamera, akapiga kambi ya Benako, Ngara, Tanzania, akapiga na makambi ya Goma. Picha ni nzuri mno, na hapo ndipo tulipogombana. Wawili wetu wazazi wao walikuwa Goma Julai ile kipindupindu kilipoingia. Mmoja akauliza: "Mwanga mzuri namna hii, juu ya maiti?" Mwingine akajibu kwamba bila hizo picha nani angejua? Wote wawili wana haki, mpaka leo hawajapatana. Salgado mwenyewe kazi ile ilimvunja. Baadaye yeye na mkewe Lélia waligeukia kupanda miti kwenye shamba la wazazi wake.

Basi tukasema tujaribu kwa vitendo. Tukaenda kwa mama mmoja jirani, aliyetoka Burundi mwaka 2015, kumwomba tumpige. Akatukaribisha chai, akakataa picha. "Wanangu, mimi nimeshapigwa," akasema. Zamani shirika fulani lilimpiga akilia na mtoto mgongoni, halafu siku moja akajiona ukutani, ofisini, mkubwa kama mlango. Hakuna aliyemuuliza. (Ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, hatusemi wote mko hivyo. Lakini someni hapa mara mbili.)

Tulirudi kimya. Wiki ile ndiyo tukampata Alfredo Jaar, msanii wa Chile. Yeye alifika Rwanda Agosti 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakiwa yameisha mwezi uliotangulia, akapiga picha nyingi sana. Halafu akafanya nini? Mwaka 1995 akazifungia ndani ya masanduku meusi, juu ya kila sanduku akaandika maneno ya kueleza picha iliyomo. Ukienda kwenye onyesho unasoma, huoni. Alipanga pia majalada 17 ya gazeti la Newsweek, kuanzia Aprili mpaka Agosti 1, 1994: wiki baada ya wiki watu wanakufa, na Rwanda haipo juu ya jalada mpaka la mwisho. Kwa hiyo hata lile swali la "nani angejua" lilianza kutusumbua. Picha zilikuwepo. Walioziona ndio waliochelewa.

Kanombe yenyewe inafundisha. Jumba la zamani la Rais Habyarimana liko hapa, na tangu 2018 ni makumbusho ya sanaa. Ndege yake, Falcon 50, ilidunguliwa usiku wa Aprili 6, 1994, ikaanguka palepale kwake. Ndani alikuwemo pia Rais wa Burundi, Cyprien Ntaryamira, kwa hiyo wenzetu Warundi wanapoyaangalia yale mabaki ya chuma hawaangalii historia ya jirani tu. Lakini uwanja wa ndege uko hapa, kambi ya jeshi iko hapa, simu huinui ovyo. Mtaani kwetu kuna vingi ambavyo utaandika tu, kama sanduku la Jaar.

Wa mwisho kutupata ni David Jiranek, Mmarekani. Mwaka 2000 alienda kwenye kituo cha watoto yatima cha Imbabazi, karibu na Gisenyi, kilichoanzishwa na Rosamond Carr mwishoni mwa 1994. Akawapa watoto kamera za kutumia mara moja na kutupa, akawaacha wapige wenyewe. Jiranek alifariki mwaka 2003, kazi ikaendelea. Kwenye zile picha watu wanacheka na mpiga picha, kwa sababu ni rafiki yao. Salgado, pamoja na ufundi wake wote, hicho hakuwa nacho.

Tukarudi kwa mama na kamera ya kuazima. Tukamwambia: leo hatukupigi, piga wewe. Aliigeuza geuza, akauliza bei yake, akacheka. Akatupanga uani karibu na kamba ya nguo, sisi wote saba, akabonyeza. Vichwa viwili vimekatwa na kidole chake kimeingia pembeni.

Tulimwomba arudie. Akakataa.