Simu, gari na mfalme wa Denmark

Leo naweka kando mambo ya programu na hifadhidata, nataka tuzungumze juu ya kitu kilichonitoa jasho Jumapili moja kwenye barabara ya Thika.

Nilikuwa nimenunua gari. Jipya kwangu, lakini kama magari mengi hapa kwetu, lilikuwa limekwisha kuzunguka Japani miaka kadhaa kabla ya kushukia bandari ya Mombasa. Kwenye dashibodi lina ile redio ya skrini, maandishi yote Kijapani. Siku hiyo nilikuwa nampeleka mama Murang'a. Dada yangu alikuwa hospitalini na mtoto, na tulikuwa tunangoja habari. Rununu ikaanza kulia mfukoni. Redio kimya. Ikakatika, ikalia tena. Mkono wangu ukaanza kuteremka mfukoni huku gari liko mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Mama akanipigia kelele, "Wee! Unataka tuwe wagonjwa watatu?" Nikaingia kando, nikasimama, nikapokea. Mtoto alikuwa sawa. Lakini mama hakuniacha: "Wewe si ndiye unaandikia watu programu? Na simu yako na gari haviongei?"

Swali hilo lilinichoma. Ili kulijibu, inabidi turudi nyuma kidogo.

Simu ndani ya gari ni kitu cha zamani kuliko wengi wetu. Tarehe 17 Juni 1946, katika mji wa St. Louis nchini Marekani, kampuni ya Bell ilianzisha huduma ya simu za magari. Mtambo wenyewe ulikuwa na uzito wa kilo 36 hivi, na ulipotaka kupiga simu ulizungumza kwanza na opareta. Jambo la kukumbuka ni hili: wakati huo simu ilikuwa sehemu ya gari. Ilifungwa kwa skrubu na kula umeme wa betri ya gari. Hapakuwa na swali la kuunganisha.

Swali lilikuja simu zilipopungua ukubwa zikaingia mfukoni. Sasa simu ni ya mtu na gari ni gari, na vinatengenezwa na watu wasiojuana. Nani atavifundisha lugha moja?

Jibu lilianzia Lund, Sweden, katika kampuni ya Ericsson. Mwaka 1994 mhandisi Mholanzi Jaap Haartsen, na baadaye mwenzake Sven Mattisson, walianza kutengeneza redio ndogo ya kuondoa waya kati ya simu na vifaa vyake. Walitumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo hayahitaji leseni. Kwa kuwa kila mtu anaruhusiwa kuyatumia, yana fujo kama stendi ya matatu. Dawa yao ilikuwa kurukaruka: redio hizo mbili huhama pamoja kati ya njia 79, mara 1,600 kila sekunde. Njia moja ikiwa na kelele, wameshaondoka.

Kuhamahama huko kwenyewe si wazo geni. Mwaka 1942 mwigizaji wa sinema Hedy Lamarr na mwanamuziki George Antheil walipewa hataza Marekani kwa mbinu ya namna hiyo, wakikusudia kuzuia adui asivuruge topido zinazoongozwa kwa redio.

Kampuni nyingine zikavutiwa, na Mei 1998 Ericsson, Nokia, Intel, IBM na Toshiba zikatangaza umoja wao. Jina lilitoka kwa Jim Kardach wa Intel, aliyependa hadithi za kale za watu wa Kaskazini. Alipendekeza jina la Harald "Jino la Buluu", mfalme wa Denmark wa karne ya 10 anayesifiwa kwa kuwaunganisha watu wake. Lilikuwa jina la muda tu, likabaki hadi leo: Bluetooth. Ile alama yake ni herufi mbili za kale za huko, za H na B, zilizobebana.

Sasa turudi kwa gari langu, maana hapa ndipo historia inapogeuka kuwa spana.

Bluetooth inataka vifaa viwili vijuane kabla ya kuongea. Zamani ulipewa nambari ya siri, mara nyingi 0000 au 1234, ambayo hata mtoto angeibahatisha. Mwaka 2007 toleo la 2.1 lilileta utaratibu bora: nambari sita huonekana pande zote mbili, nawe unathibitisha kwamba zinalingana. Lakini jambo la msingi halikubadilika. Baada ya kujuana, kila upande huweka ufunguo wake wa siri. Simu ina wake, gari lina wake, na lazima viwe sawa. Upande mmoja ukipoteza ufunguo na mwingine ukiendelea kuushika, ni kama mume anayesema tumeachana na mke anayesema hapana. Utabonyeza "unganisha" mpaka kidole kiume.

Nikachukua rununu ya pili yenye programu ya kutafsiri maandishi kwa kamera, nikaielekeza kwenye skrini. Kumbe! Gari lilikuwa limehifadhi simu tano, na tano ndiyo nafasi yake yote. Zote za watu wa Japani ambao sitawahi kuwajua. Yangu ilikosa pa kulala. Na si simu tu. Kitabu chao cha majina kilikuwa humo, maana redio nyingi hunakili namba zako zinapounganishwa. Nilifuta zote bila kuzisoma, lakini nilijiuliza: nitakapoliuza gari hili, nani atayaona majina ya mama na dada?

Baada ya kufuta nilijaribu tena. Bado ikakataa! Hapo ndipo nilipokumbuka habari ya ufunguo. Katika majaribio ya kwanza rununu yangu ilikuwa imehifadhi ufunguo ambao gari halikuwa nao. Nikaliambia simu lisahau gari, nikazima gari kabisa, nikaanza upya. Dakika moja ikatosha.

Halafu simu zikaingia lakini muziki haukutoka. Hili nalo lina sababu. Bluetooth si huduma moja. Kupiga simu kuna utaratibu wake, muziki una wake, majina yana wake, na vilizaliwa nyakati tofauti. Gari la zamani linaweza kujua kimoja na lisijue kingine, au simu yako ikawa imezima kimojawapo katika mipangilio. Kagua hapo kabla ya kumlipa fundi.

Magari mapya zaidi yana CarPlay ya Apple, iliyotangazwa Machi 2014, na Android Auto ya Google, iliyofuata na kuanza kutumika 2015. Hapa gari limekubali kuwa skrini tu, akili yote iko kwenye simu. Ikitumia waya, kwanza badilisha waya wenyewe, kwa sababu nyingi za bei rahisi hupitisha umeme wa kuchaji tu bila data. Isiyotumia waya hujuana kwa Bluetooth kisha huhamia Wi-Fi, kwa hivyo ukizima kimoja kati ya hivyo viwili, hupati kitu.

Basi jibu kwa mama ni hili. Gari linaundwa likae barabarani miaka 15 au 20, simu tunabadilisha kila miaka michache, na programu yake hubadilika hata kabla ya hapo. Tunaziomba zana za umri tofauti zielewane kila asubuhi. Mara nyingi zinaelewana, na hilo ndilo la ajabu.

Kwa hivyo unganisha simu yako gari likiwa limesimama, nyumbani, kabla ya safari. Ukiuza gari, futa majina yako. Na simu ikilia redio ikanyamaza, fanya nilivyofanya baada ya kelele za mama: toka barabarani kwanza.

Siku hizi mama akiketi nyuma hungoja simu ilie, sauti ya dada itoke kwenye spika, kisha husema, "Sasa hata mfalme amefika Murang'a."